Meneja Ana Chunusi

Kila asubuhi, kabla jua halijapata nafasi ya kuchungulia ndani ya chumba cha ushonaji, Meneja alikuwa tayari kazini. Alikaa juu ya meza ya kukatia vitambaa, mkia ameuzungusha miguuni, macho ameyafumba nusu, akiwasimamia wafanyakazi wake. Wafanyakazi wenyewe walikuwa watatu. Wa kwanza alikuwa mama, fundi cherehani na mwenye chumba. Wa pili alikuwa dada mkubwa, aliyepiga pasi na kushona vifungo kabla ya kwenda shule. Wa tatu alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili ambaye jengo zima, pamoja na mama yake mzazi, lilimwita Kiherehere.

Meneja alikuwa paka.

Hakuna aliyemwandikia barua ya kupandishwa cheo. Alijipandisha mwenyewe kwa tabia: alikuwa wa kwanza kula, wa kwanza kulala, na kila kazi ilipofanyika alikuwepo kuitazama. Lakini haki ya mtu mpe, hata akiwa na mkia. Tangu aingie chumbani humo, panya waliokuwa wakitafuna sare za wateja walihama bila kuaga.

Kazi ya Kiherehere ilikuwa kumlisha bosi huyo. Alichukua kopo la plastiki lililowahi kuwa la siagi, likiwa limejaa mikwaruzo ya meno na kucha, akaongeza chakula juu ya mabaki ya jana, akambembeleza kidogo, kisha akakimbilia shule na begi likimpiga mgongoni. Siku ya Alhamisi, katika kule kumbembeleza, aliona kitu. Chini ya mdomo wa Meneja, katikati ya manyoya meupe, kulikuwa na vidoti vyeusi vingi, kama mtu amemnyunyizia pilipili manga.

Akadhani ni masizi. Akachukua kitambaa chenye maji, akasugua. Masizi hayakutoka, ila Meneja alitoka, akaenda kukaa juu ya kabati akiwa amenuna kama mgeni aliyenyimwa kiti.

Wakati huohuo dada alikuwa mbele ya kioo. Dada alikuwa na umri wa miaka kumi na sita na chunusi tatu kidevuni, na kila moja alikuwa ameipa jina la kuitukana. Alikuwa na krimu ndani ya tyubu ndogo aliyoletewa na shangazi, nayo aliilinda kuliko macho yake. Kiherehere alikitazama kidevu cha dada, akakitazama cha Meneja, akarudi kwa dada. Vidoti hapa, vidoti pale. Alikuwa amegundua ugonjwa. Wapo waliopata sifa duniani kwa ushahidi mdogo kuliko huo.

Mtu mwingine angemwambia mama. Lakini jina la Kiherehere halikupatikana kwa bahati nasibu. Yeye alitaka Jumatatu asimame mbele ya darasa na kusema, kwa sauti ya unyenyekevu wa uongo, kwamba amemtibu paka.

Ijumaa alasiri alianza matibabu. Kwanza alijaribu kukitumbua kidoti kimoja, na Meneja akamwandikia jibu mkononi kwa kucha nne. Basi akaingia chumbani kwa dada, ambaye alikuwa ametumwa kupeleka magauni kwa mteja, akaitoa tyubu chini ya mto. Akampaka Meneja krimu kidogo. Kwa kuwa kidogo hakikuonekana, akaongeza. Kwa kuwa alichoongeza kilionekana kizuri, akaongeza tena. Alipomaliza, kidevu cha Meneja kilikuwa kimejaa krimu, kama cha mzee aliyekunywa uji kwa haraka. Kiherehere akairudisha tyubu mahali pake, akiwa amejaa furaha ya daktari bingwa.

Furaha ya namna hiyo haikai ndani ya mtu mmoja. Alitoka mbio, akakutana na Redio kwenye ngazi.

Redio alikuwa msichana wa rika lake, wa ghorofa ya pili. Aliitwa hivyo kwa sababu habari haikulala kwake hata siku moja. Kiherehere akamnong'oneza sikioni, tena akamwapisha asimwambie mtu: "Meneja ana chunusi."

Redio aliapa. Halafu akapanda ngazi kwenda kwao, na alipofika kwenye kona akamwambia jirani aliyekuwa akianika nguo kwamba paka wa fundi ana chunusi, na kwamba siku hizi paka huyo anapenda sana kulala juu ya tangi la maji. Hapo hakusema uongo hata neno moja. Tangi lilikuwa uani, kubwa, jeusi, lenye mfuniko wa baridi, na wapangaji wote walichota maji humo.

Sasa lugha yetu, kwa ukarimu wake, imelipa neno hilo kazi mbili. Kuna chunusi wa usoni, anayewatesa vijana mbele ya vioo. Na kuna chunusi wa majini, jini anayesimuliwa kwenye hadithi, yule anayewashika waogeleaji miguu na kuwavuta chini. Jirani wa nguo alikuwa na pini ya kubania nguo mdomoni na mawazo mengi kichwani. Alipofikisha habari kwa jirani wa kushoto, ilikuwa imebadilika kidogo tu, herufi mbili tatu: paka wa fundi ni chunusi, na ndiyo maana analala juu ya tangi.

Ni hiyo "ndiyo maana" iliyomaliza kazi.

Jumamosi asubuhi Kiherehere alishuka uani na ndoo yake, akakuta mambo. Ndoo zilikuwa zimepangwa foleni ndefu, zote tupu. Wenye ndoo walikuwa wamesimama mbali, migongo ukutani, wakilitazama tangi kama mtu anavyomtazama ng'ombe aliyekata kamba. Mama mmoja alikuwa amewanawisha watoto kwa maji ya chupa. Kijana wa ghorofa ya juu, mrefu kama mlingoti, alisema kwamba yeye haogopi kitu, ila leo hana kiu.

Kiherehere aliuliza kulikoni. Alipojibiwa, alicheka mpaka akakalia ndoo yake. Akawaeleza kwamba hiyo si chunusi hiyo, hiyo ni chunusi ile. Lakini jaribu kumweleza mtu aliyekwisha ogopa tofauti ya hiyo na ile. Jirani wa nguo alimwambia kwa huruma kwamba mtoto hawezi kujua. Kiherehere akauliza ni chunusi gani wa majini anayekimbia akimwagiwa kata moja ya maji. Wakasema hapo ndipo ujanja wake ulipo.

Huenda wangechoka, kiu ikawarudishia akili. Lakini ni wakati huo Meneja alipoamua kutoka nje kukagua eneo lake.

Alitoka taratibu, kichwa ameinamisha. Kidevu kilikuwa kimevimba na kuwa chekundu kama nyanya. Manyoya yalikuwa yameng'oka mabaka mabaka, na udenda ulikuwa ukimdondoka. Akaruka juu ya tangi kwa shida, akalaza kidevu kwenye mfuniko ule wa baridi, akatoa sauti ambayo Kiherehere hakuwahi kumsikia akiitoa, nyembamba na ya kuvunja moyo.

Uani palitokea mkanyagano. Hata ndoo zilikimbia, maana waliozipiga teke hawakusimama kuziokota.

Kicheko kilimkauka Kiherehere. Alijua vizuri kile kidevu kilipita wapi jana.

Mzee Kanuni akatokea. Alikuwa msimamizi wa jengo, na jina lake alilipata kwa sababu hakuweza kukusalimu bila kukutajia kanuni. Alimtazama paka, akawatazama wapangaji, akapiga kikohozi cha kikao. Alisema kwamba yeye binafsi mambo ya majini hayaamini wala hayakanushi, lakini jengo haliwezi kukaa bila maji, na kanuni inasema mnyama anayewatia wapangaji hofu au maradhi aondolewe. Dereva mmoja wa lori alikuwa anaondoka jioni kwenda kwenye ghala la nafaka, safari ya mbali. Ghala lile lilihitaji paka. Kabla jua halijazama, Meneja awe ndani ya lori, isipokuwa kama mtu mwenye elimu yake atathibitisha kwamba hana kitu cha kudhuru watu.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na futi ya kupimia shingoni. Chumbani mwake mlikuwa na wateja waliofuata sare, hakuweza kuondoka. Alimwambia dada amtie Meneja kwenye kikapu chenye kifuniko, wampeleke kwa daktari wa mifugo mara moja. Kisha akauliza, bila kupandisha sauti, kama kuna mtu yeyote aliyempaka paka huyu kitu chochote.

Kiherehere aliitazama dari. Akasema labda ameumwa na nyuki.

Nyuki wa watu, asiye na habari, akasingiziwa.

Njiani walikwenda nusu wakitembea, nusu wakikimbia. Dada alibeba kikapu, kitambaa cha kichwani amekifunga mpaka juu ya kidevu kuficha chunusi zake, kama kawaida yake, na Kiherehere alishika kifuniko. Ndani Meneja hakulia, na hilo lilikuwa baya zaidi. Paka yule alikuwa analalamika hata mlango ukifungwa polepole. Kiherehere alijaribu kufikiria chumba cha ushonaji bila yeye, meza ya kukatia ikiwa na vitambaa tu, akaongeza mwendo.

Ofisi ya daktari wa mifugo ilikuwa na benchi refu, mizani ya kupimia mbuzi, na mbuzi mwenyewe aliyekuwa anakula tangazo ukutani. Walipoeleza kwamba mgonjwa wao anahukumiwa jioni, mwenye mbuzi akawapisha.

Daktari alikuwa mama mnene, mwepesi wa mikono, aliyevaa buti za mpira hata ndani. Alimfunga Meneja kwenye taulo mpaka kikabaki kichwa tu, akawasha tochi ndogo, akakitazama kidevu kwa muda mrefu huku akimsemesha paka kama mtu na jamaa yake. Alisema anaona vidoti vyeusi, hivyo anavijua. Lakini huu uvimbe na huu udenda ni jambo lingine, tena jipya.

"Kuna mtu amempaka dawa?" akauliza.

"Hapana," akasema dada, na alisema kweli yake yote.

"Nyuki," akasema Kiherehere, lakini sauti ilitoka ndogo, kama ya nyuki mwenyewe.

Daktari alifungua kabati, akatoa kichupa na sindano. Alieleza, akiwa amewapa mgongo, kwamba kama ni nyuki atamchoma sindano moja, na kama ni kitu alichopakwa na kukilamba, mambo ni tofauti kabisa. Dawa ya hili inaweza kumzidishia lile. Paka ni mdogo, ini lake ni dogo, na hana namna ya kueleza. "Kwa hiyo mimi nawasikiliza ninyi," akasema. "Ninyi ndio mdomo wake."

Akaivuta dawa kwenye sindano. Kiherehere aliitazama ikipanda, tone kwa tone. Alimwona dada, ambaye angejua. Akilini alimwona mama na ile futi shingoni. Aliliona darasa zima likimcheka Jumatatu. Halafu Meneja, ndani ya taulo, akatoa ulimi na kulamba kidevu chake kilichovimba, kwa uangalifu, kama mtu anayejaribu kusafisha fujo ambayo hakuifanya yeye.

"Nimempaka," akasema Kiherehere.

Daktari akageuka. "Umempaka nani?"

"Paka."

"Umempaka paka nini?"

"Nimempaka paka krimu. Ya chunusi. Ya dada. Siyo kidogo."

Hata mbuzi aliacha kutafuna. Daktari aliirudisha sindano mezani, na Kiherehere alianza kulia machozi mazito ya mtu anayesema kila kitu kwa mpigo mmoja: krimu, kutumbua, tyubu chini ya mto, Redio, nyuki.

Dada alimgeukia. "Krimu yangu?" akasema polepole. "Uliyoikuta chini ya mto wangu?" Alikuwa na maneno mengine mengi, yalionekana yakipanga foleni usoni mwake. Lakini alimtazama Meneja, akayameza. Akaingiza mkono kwenye mkoba, kwa maana asubuhi hiyo alikuwa ametoka nayo, akampa daktari ile tyubu.

Daktari alisoma maandishi yake madogo, akatikisa kichwa. Alisema hiyo ni kali, imetengenezwa kwa ngozi ya binadamu, na binadamu hajilambi kidevu. Ngozi ya paka ni nyembamba, inaungua, na akilamba inamchoma mdomo na kumvuruga tumbo. Kwa bahati, alichokilamba kilikuwa hakijamfikisha pabaya. Wakaanza kazi palepale. Daktari aliosha kidevu kwa maji ya uvuguvugu na pamba, mara nyingi, Kiherehere akashika taulo, dada akashika masikio, na Meneja akaonyesha kwa sauti kwamba nguvu zimeanza kumrudia. Alipomkwaruza daktari, daktari alifurahi na kusema huyu sasa anapona.

Baada ya hapo akawaeleza, na Kiherehere alisahau kulia, kwa jinsi maelezo yalivyomnogea. Aliambiwa kwamba hakukosea ugonjwa, alikosea dawa tu. Paka wanapata chunusi kweli. Chini ya ngozi ya kidevu kuna vitezi vinavyotoa mafuta, na paka hujisugua kidevu kwenye meza na milango ili kuacha harufu yake, kama mtu anayegonga mhuri. Mafuta yakizidi, vitundu vya ngozi vinaziba, uchafu unakauka humo na kuwa mweusi. Chunusi hizo haziambukizi mtu, haziruki, wala hazina uhusiano wowote na maji. Zikiachwa au zikitumbuliwa, vijidudu huingia na kuleta usaha.

"Anakula kwenye chombo gani?" daktari akauliza.

Kiherehere akaeleza kuhusu kopo la siagi. Alipoulizwa linaoshwa mara ngapi, alifungua mdomo kusema kila siku, akaufunga, akasema ukweli: huwa anaongezea tu juu.

Daktari alisema siyo kila mara chombo ndicho chanzo, na wapo paka wenye vyombo safi na chunusi vilevile. Lakini plastiki yenye mikwaruzo huficha mafuta na vijidudu hata ikioshwa, kwa hiyo ndicho kitu cha kwanza kuondoa. Wampe bakuli la chuma kisichoshika kutu, au la kioo, au la udongo uliong'arishwa, na lioshwe kwa sabuni kila siku. Kidevu kifutwe taratibu kwa dawa atakayowapa yeye, si ya mtu mwingine yeyote, na mtu asijaribu kutumbua. Itachukua wiki kadhaa. Kisha, akiwa anaandika jina la dawa, akamwambia dada bila kumtazama kwamba hayo ya kutotumbua yanawafaa na wengine, na kwamba hana haja ya kujifunga kitambaa kana kwamba ameiba kidevu. Dada akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Walipomweleza kisa cha tangi, daktari alicheka hadi akashika mizani ya mbuzi. Aliandika kikaratasi chenye mhuri, kwamba paka huyu ana chunusi za kidevuni zisizodhuru watu. Akampa Kiherehere. Alisema angeweza kufuatana nao, lakini hafikirii kwamba inahitajika. "Neno hili ulilianzisha wewe," akasema. "Kalimalize."

Walirudi mbio. Jua lilikuwa limeshuka, lori lilikuwa limeegeshwa langoni, injini ikinguruma, na dereva alikuwa amekwisha tandika gunia kwenye kiti cha pembeni kwa ajili ya mfanyakazi wake mpya. Uani wapangaji wote walikuwepo, midomo imewakauka, ndoo bado tupu. Redio alikuwa nyuma kabisa, akijaribu kufanana na ukuta.

Kiherehere hakungoja kuulizwa. Aligeuza ndoo, akapanda juu yake, akasoma kikaratasi. Watu wakanong'ona. Jirani wa nguo akasema karatasi ni karatasi, lakini wote wameuona ule uvimbe kwa macho yao.

"Uvimbe nimeuleta mimi," akasema Kiherehere. "Nilimpaka krimu ya watu. Nikadanganya kwamba ni nyuki. Meneja hana kosa, na tangi halina kitu."

Akaruka chini, akafungua mfuniko, akachota kata nzima ya maji. Lazima isemwe, kwa kuwa hiki ni kisa cha ukweli na uongo, kwamba alipoliona lile giza mle ndani alichungulia mara mbili kabla ya kuchota. Hadithi za utotoni hazifutiki kwa kikaratasi. Akanywa kata yote bila kupumua. Maji yakamwagikia shingoni. Watu wakamtazama miguu, kuona kama itavutwa.

Haikuvutwa. Akapiga kwikwi kubwa.

Yule kijana mrefu alikuwa wa kwanza kucheka, na wa pili kuchota. Kisha ilikuwa vurugu ya furaha, ndoo kwa ndoo, kata zikigongana, watoto wakimwagiana, na watu wazima wakiapa mmoja mmoja kwamba wao toka mwanzo hawakuamini. Redio akabanwa, akasema kwa machozi kwamba yeye alisema "ana", hakusema "ni". Jirani wa nguo akasema yeye alisikia "ni". Ilikuwa kesi nzito ya sarufi, na Mzee Kanuni aliikata palepale. Alitangaza kwamba kuanzia leo, ndani ya jengo hili, mtu akitamka neno chunusi sharti aongeze kama ni wa usoni au wa majini. Paka abaki. Na kwa kuwa kanuni haimwachi mtu mikono mitupu, Kiherehere na Redio wataosha mfuniko wa tangi kila Jumamosi mpaka muhula utakapoisha.

Lori likaondoka na gunia lake. Kiherehere alipiga vigelegele hadi dada akamziba mdomo.

Wiki zilizofuata zilikuwa za kazi. Mama alinunua bakuli la chuma, na siku ya kwanza Meneja alipoinama kula alimkuta paka mwingine ndani, akamfokea, akazunguka nyuma ya bakuli kumtafuta. Kila asubuhi Kiherehere aliliosha kwa sabuni, akafuta kidevu kwa pamba, taratibu, bila kutumbua, ingawa vidole vilimwasha. Siku nyingine hapakuwa na mabadiliko yoyote, akaudhika. Siku nyingine vidoti viwili vilitoka vyenyewe kwenye pamba, akawaita watu wote waje kuviona, pamoja na mteja aliyekuwa anapimwa kiuno. Polepole manyoya meupe yakarudi.

Jioni moja alimkuta mama akifumua mkono wa shati la shule alioushona kinyume. Kiherehere alikaa karibu, akazungukazunguka na maneno, mwisho akauliza kama mama bado ana hasira kuhusu yule nyuki.

Mama hakuinua macho. Alivuta uzi mmoja, mwingine ukafuata.

"Mwanangu, katika kazi hii kuna makosa ya aina mbili," akasema. "Ukikosea kushona, utafumua. Ukikosea kukata, utalia. Kutaka kumsaidia paka bila kuuliza, hilo lilikuwa kosa la kushona, kila mtu hulifanya. Lakini ulipoficha, ulikuwa umeshika mkasi. Kama ungenyamaza mpaka ile sindano imwingie, nguo ingekatika, na mimi nisingekuwa na kitambaa kingine cha kukupa. Ulisema wakati bado panafumulika. Ndiyo sababu sina hasira. Siku nyingine anza kuuliza kwa anayejua, na ukishakosea, sema mapema."

Kiherehere akaitikia kwa kichwa, akainuka kwa furaha ili akacheze. Mama akamrudisha kwa kola, akamwekea kimkasi mkononi na shati la pili mapajani. Hilo nalo lilikuwa limeshonwa kinyume, na hasira zilikuwa zimekwisha, lakini kazi bado.